Sahani za Nyumba Mbili: Bi Sichana na figo aliyompa ndugu wa kunyonya

Adhana ya alasiri bado inasikika kutoka msikiti wa pili wa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, na Sichana Mkadam anafanya jambo ambalo mgeni hawezi kulitazama bila kushika moyo. Anachukua kikaango cha chuma chenye unga mbichi, anakipindua juu chini na kukishikilia juu ya makaa.

Unga hauanguki. Maji aliyoupaka chini yameugandisha kwenye chuma, na uso wake ulionyunyizwa ufuta sasa unatazama moto.

"Usikunje uso, mwanangu," anamwambia mwandishi aliyekaa kwenye kigoda mbele yake. "Wateja wakikuona hivyo watadhani mkate umeungua."

Hii ndiyo kazi ya mama huyu wa miaka 48 tangu alipokuwa msichana: mikate ya ufuta, iliyokandwa kwa tui la nazi na kuuzwa katika kichochoro kilekile alichouzia mama yake. Mkate mmoja ni shilingi mia mbili. Ikifika magharibi bakuli la unga huwa tupu, na Bi Sichana, kama wateja wote wanavyomwita, huwa ameshaanza kuusema mgongo wake.

Anakaa upande, uzito wote kuliani. Akiulizwa kwa nini, anagusa ubavu wa kushoto juu ya kanga.

"Hapa palikuwa na figo," anasema. "Sasa iko Kiponda, mtaa wa pili, kwa Zahor. Kila siku nnaipelekea mkate."

Anacheka mwenyewe kabla ya kuchekewa. Lakini mwaka 1999, katika mji wa mbali ambao hakuijua hata lugha yake, figo hiyo nusura isitolewe kabisa, na Zahor alikuwa hana nyingine ya kutegemea.

Zahor na Sichana walizaliwa mwaka mmoja, 1956, katika nyumba zinazotazamana. Watu wa Zahor ni wa asili ya Kiarabu, zamani wenye mashamba ya karafuu. Watu wa Sichana walitoka Tumbatu, baba baharia na mama muuza mikate. Mama yake Zahor aliugua vibaya baada ya kujifungua, na maziwa hayakutoka. Bi Zeyana, mama yake Sichana, akiwa na mtoto wa wiki chache tu, alivuka kichochoro akamchukua yule mchanga.

"Mama alitupakata sote pamoja," anasema Bi Sichana. "Mie kushoto, Zahor kulia. Kila mmoja na lake, hakuna kubadilishana. Alikuwa akisema Zahor ndiye mlafi. Zahor mwenyewe anadai ni mie."

Kwa Waislamu, maziwa hayo si jambo dogo. Mtoto aliyenyonyeshwa hivyo huwa mtoto wa yule mama na ndugu wa wanawe. Zahor na Sichana hawawezi kuoana, na Sichana halazimiki kufunika nywele mbele yake. Lakini hukumu hiyo inamhusu aliyenyonya peke yake. Khalil, kaka mkubwa wa Zahor, hakunyonya kwa Bi Zeyana, kwa hiyo kwa Sichana ni mtu wa nje kama jirani mwingine yeyote. Msomaji aikumbuke tofauti hii, maana mbele inakuja kufanya kazi.

Siku zile za Mapinduzi, Januari 1964, mtaa ulipojaa hofu, Bi Zeyana alimfungia Zahor ndani kwake pamoja na bintiye. Watu walipokuja kuuliza yule mtoto ni wa nani, alijibu neno moja tu, "Wangu," akaendelea kupindua mikate. Bi Sichana alikuwa na miaka minane. Anasema hajapata kusikia neno fupi zaidi lililobeba mzigo mkubwa namna ile.

Zahor alikua akawa fundi saa, na mkono wake ulisifika mji mzima. Mwaka 1998 miguu yake ilianza kuvimba, chakula kikamkinaisha. Figo zote mbili zilikuwa zinakufa. Aliongezewa damu ya watu mbalimbali mara kadhaa, ikamsogeza siku mbili tatu, kisha akarudi palepale. Madaktari walisema bila figo nyingine hatamaliza mwaka.

Khalil, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, aliuza gari lake na kumpeleka mdogo wake Madras, India. Mke wa Zahor alitaka kutoa figo, lakini damu yake ilikuwa ya kundi lisiloingiliana na la mumewe. Khalil alisema atatoa yeye. Bi Sichana akafunga bakuli la unga ndani ya mfuko, akalitundika ukutani, akasema na yeye anakwenda, ikiwa ya Khalil itashindikana.

"Nilijua ya Khalil haitahitajika," anakiri. "Mie na Zahor tumenyonya kwa mama mmoja. Niliamini kabisa wakitupima watatukuta sawasawa, chapa moja."

Walipofika hospitalini, karani alimuuliza Zahor huyu mwanamke ni nani wake. Zahor akajibu, "Dada yangu." Karani akauliza kama ni mama mmoja. Zahor akajibu, "Mama mmoja." Ikaandikwa hivyo.

"Sikudanganya," anasema Zahor leo, na sauti yake bado ina ukali kidogo. "Ningesema vyengine ndio ningekuwa nnamkana Bi Zeyana."

Wote watatu walitolewa damu. Majibu yalipotoka, daktari alimtazama Bi Sichana kwa muda mrefu, akafunika faili, akaondoka. Tangu saa ile hazikuzungumzwa tena habari za upasuaji.

Aliyewafungua macho ni Abeer, binti wa Kiponda aliyekuwa akisoma kazi za maabara mjini humo. Hospitali ilimwita aje kutafsiri. Siku hizi amerudi Unguja na anafanya kazi ya maabara hapa mjini, na bado anawaeleza wagonjwa jambo lile kama alivyomweleza Bi Sichana siku ile, kwa sahani za Ramadhani.

Kila anayekaa Mji Mkongwe anazijua. Ikikaribia magharibi ya mwezi wa Ramadhani, kila nyumba hupelekea jirani kisahani cha ilichopika, kimefunikwa kawa. Ili sahani zirudi kwa wenyewe, kila mama huweka alama yake chini. Ya Bi Sichana ni matone mawili ya rangi nyekundu ya kucha. Ya nyumbani kwa Zahor ni mstari wa buluu.

"Chembe za mwili nazo ziko hivyo," anasema Abeer. "Kila moja ni nyumba, na kila nyumba inatoa kisahani mlangoni. Juu yake kuna kipande kidogo cha kile kilichomo ndani. Askari wa kinga ya mwili wanapita mlango kwa mlango wakikagua. Wakikuta cha kawaida wanakwenda zao. Wakikuta kipande cha kirusi, wanajua nyumba imeingiliwa, wanaiua kabla ugonjwa haujahamia kwa jirani."

Visahani hivyo ni protini, na maumbo yake hutofautiana mno kati ya mtu na mtu. Mwandishi aliuliza kwa nini isiwe umbo moja kwa wote, mambo yakawa mepesi.

"Sahani bapa inachukua mchuzi?" aliuliza Abeer naye. "Haichukui. Basi na maradhi mengine ni kama mchuzi. Kwa mwenye sahani bapa tupu yanamwagika, askari hawayaoni. Kwa mwenye bakuli yanaonekana. Tungekuwa sote na sahani za namna moja, ugonjwa mmoja ungetumaliza Unguja nzima."

Rehema hiyo ndiyo inayogeuka taabu siku ya kupandikiza figo. Figo ya mtu mwingine huja na visahani vyake, na askari wa mgonjwa wakiona alama wasiyoijua huishambulia.

Alama hizo hurithiwa kwa seti. Kila mzazi ana seti mbili na humpa mtoto moja tu, bila kuchagua. Zahor alipata seti moja ya baba na moja ya mama. Khalil, wa tumbo lilelile, alipata zile nyingine mbili. Kwa hiyo ndugu wale wawili wa baba na mama hawakuwa na kisahani hata kimoja cha kufanana. Abeer anasema hutokea hivyo kwa ndugu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kibaya zaidi, damu ya Zahor ilipochanganywa na ya Khalil ilizishambulia chembe zake palepale. Zile damu za watu alizoongezewa nyuma zilikuwa zimewafundisha askari wake kuzichukia alama kama za kaka yake. Khalil hakuweza tena kutoa.

Kwa Bi Sichana damu haikushambulia. Kundi lake la damu liliruhusu na afya yake ilikuwa nzuri. Lakini kwa kuwapima Zahor na Khalil, maabara ilikuwa tayari inazijua seti zote nne za wazazi wao, na Bi Sichana hakuwa na hata moja kati ya hizo. Mwanamke aliyeandikwa kuwa dada wa mama mmoja hakuwa mtoto wa watu wale.

Na muuguzi wa wodi alikuwa ameongeza la kwake. Aliripoti kwamba yule anayejiita dada hukaa kichwa wazi akimlisha mgonjwa uji, lakini Khalil akiingia tu hurukia mtandio na kujifunika. Ni dada gani anayemjifunikia kaka yake? Hospitali ikaona jibu ni moja: figo imenunuliwa, na hawa wanaigiza udugu. Sheria ya nchi ile inakataza kununua figo, na madaktari waliogopa, na walikuwa na haki.

"Abeer aliponieleza nililia," anasema Bi Sichana. Anaweka kikaango chini, jambo ambalo halijatokea tangu mazungumzo yaanze. "Wao walidhani nnalia kwa kuwa nimekamatwa. Mie nilikuwa nnayalilia maziwa ya mama. Nilidhani yameacha kitu. Miaka yote nilidhani ndani yetu mna kitu kimoja, kumbe hamna."

Abeer, aliyekuwa binti wa miaka ishirini na mitano na hajui la kufanya na mama mtu mzima anayelia, alimshika mkono akamwambia jambo ambalo Bi Sichana analirudia mpaka leo neno kwa neno.

"Kanambia, 'Bi Sichana, maziwa hayaandiki alama kwenye sahani. Lakini yana askari ndani yake. Askari wa mama yako waliingia kwa Zahor wakamlinda ile miezi ya mwanzo, alipokuwa hana wake. Wake walipokua, wale wakaondoka. Hawakubakisha alama yoyote, ila wamembakisha Zahor.'"

Anajifuta macho kwa pindo la kanga, na moshi wa makaa unampa kisingizio kizuri.

Suala lilipelekwa mbele ya kamati ya hospitali. Wajumbe walikuwa watano, wamekaa nyuma ya meza ndefu. Zahor aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevimba uso, na Khalil alisimama nyuma yake. Kila mtu chumbani alijua kwamba kamati ikikataa, fundi saa huyo atarudishwa Unguja kufa.

Mwenyekiti aliuliza moja kwa moja: amelipwa nini? Abeer alitafsiri huku uso umemwiva kwa aibu.

Bi Sichana anasema hakukasirika. Alijibu polepole ili Abeer apate kila neno.

"Nilimwambia: mama yangu Mungu kampa maziwa mawili, moja kanipa mie, moja kampa huyu. Hakumtoza mtu kitu. Mie nna figo mbili. Nnafanya kama nilivyomwona mama akifanya, na nyie mnaniuliza bei?"

Wajumbe walitazamana. Maneno mazuri, lakini hata muongo anayajua maneno mazuri. Mwenyekiti akamsomea ripoti ya muuguzi: ikiwa yeye ni ndugu wa watu hawa, mbona anajifunika kwa mmoja na kwa mwingine hajifuniki?

"Nilishangaa," anasema Bi Sichana. "Nikamwambia, Khalil si ndugu yangu! Yule hakunyonya kwetu, alikuwa mkubwa keshaacha ziwa. Nampenda, namheshimu, lakini nywele zangu haoni. Ndugu yangu ni huyu mgonjwa. Ningefanyaje sasa, nijifunue kwa mtu wa nje ili nyie mniamini?"

Abeer alipomaliza kutafsiri, mjumbe mmoja aliweka kalamu chini. Alikuwa daktari mwanamke, Muislamu, mtu mzima, mtandio wake mweupe umeshuka mabegani. Aliwageukia wenzake akazungumza nao kwa muda. Abeer anayakumbuka maneno yake vizuri.

"Aliwaambia, mtu aliyekuja kuuza figo angejifanya dada wa wote wawili, maana hivyo ndivyo uongo ungekuwa mwepesi. Huyu mama amekaa wodini wiki nzima akimjifunikia tajiri anayelipa na kumfunulia maskini wa kitandani, na hajui kama kuna mtu anamtazama. Hakuna anayefundishwa kuigiza hivyo. Hiyo ni tabia ya tangu utotoni."

Kisha yule daktari alimuuliza Khalil swali moja: huyu mwanamke ni nani kwako? Na Khalil, mtu mzima mwenye mvi, akajibu, "Kwangu mimi si kitu, kwa sheria. Kwa mdogo wangu ni dada. Mwili wa mdogo wangu umenikataa mimi, haukumkataa yeye."

Ruhusa ilitoka jioni ile. Katika faili, neno "dada" halikufutwa. Liliongezewa maneno mawili mbele yake: wa kunyonya.

Upasuaji ulikwenda vizuri, ingawa wiki ya tatu Zahor alipata homa na mkojo ukapungua. Askari walikuwa wameziona sahani za kigeni. Madaktari waliongeza dawa za kuwatuliza, na Bi Sichana, mshono wake bado mbichi, alikaa pembeni ya kitanda akiisemesha figo yake kama anayemsemesha mtoto aliyepelekwa kulelewa ugenini.

"Nikiiambia, kaa hapo kwa adabu, watakuzoea," anasema.

Hawakuizoea, kwa kweli. Zahor anakunywa dawa kila siku na atakunywa maisha yake yote, na dawa hizo zimemtia mtetemo wa vidole. Mkono uliosifika mji mzima hauwezi tena kushika kibano cha saa. Sasa anauza mikanda ya saa na betri kwenye kijimeza Mkunazini, na mashine za saa anawaachia wengine. Aliulizwa kama linamuuma.

"Linaniuma," alisema. "Lakini nnamuona binti yangu anaolewa. Saa watatengeneza wengine."

Binti huyo ni Rawiya, wa miaka 21, na anayemuoa mwezi ujao ni Hafiz, mtoto wa kwanza wa Bi Sichana. Wapo mtaani walionong'ona kama ndoa hiyo inafaa, kwa sababu ya yale maziwa. Sheikh aliulizwa, akasema hawa ni watoto wa kaka na dada, na mabinamu wanaoana. Bi Sichana aliyafurahia manong'ono kuliko majibu.

"Anayeuliza kama inafaa si keshakubali kuwa sisi ndugu?" anasema, na kicheko kinamrudia.

Magharibi inakaribia. Zahor anaingia kichochoroni na mkewe, wamebeba sahani mpya za maharusi zilizofungwa kwenye magazeti. Bi Sichana amefunika nywele kwa sababu ya mwandishi, lakini mwandishi anapoinuka kuaga, mtandio unashushwa mabegani kabla hata hajageuka vizuri. Anaitwa arudi, "Ngoja kwanza ule mkate," na mtandio unapanda tena.

Sahani zinapinduliwa barazani. Bi Sichana anatia matone mawili mekundu chini ya kila moja, kisha anamsogezea Zahor kichupa cha rangi ya buluu. Vidole vya fundi saa vinatetemeka. Mstari unatoka umepinda.

"Ngoja niufute," anasema Zahor.

"Uache. Wakiuona hivyo watajua ni wako."

Bi Sichana anaendelea kupaka huku akizungumza habari za mjukuu, ambaye bado hajatungwa lakini tayari ana mahali pa kulala. Amekwenda kumuuliza Abeer kama mtoto huyo anaweza kuzaliwa na seti moja ya Zahor na moja yake yeye, zikutane zote ndani ya mtu mmoja. Abeer amemwambia inawezekana, nafasi ni moja kwa nne.

"Nkamwambia Rawiya, basi zaeni wanne," anasema Bi Sichana. "Kile ambacho maziwa ya mama hayakuweza kukiandika, inshallah watakiandika wao."

Je, mjukuu akizaliwa atampeleka kwa Abeer akapimwe, apate kujua?

Bi Sichana anamtazama mwandishi kama vile amesema jambo la utovu wa adabu. Anachota unga wa mwisho bakulini, anautandaza kikaangoni, ananyunyiza ufuta.

"Nimpime ya nini, mwanangu?" anasema, na kukipindua kikaango juu ya makaa. "Kwani nnamuuza?"